Mpiga Mieleka Aliyelipwa kwa Kuzomewa

Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani hapana aliyezomewa akatajirika kama George Wagner, aliyejulikana kwa jina la Gorgeous George, yaani George Mrembo. Alizaliwa Machi 24, 1915, huko Butte, katika jimbo la Nebraska, akakulia Houston, Texas, katika nyumba ya kimaskini. Shule aliiacha akiwa na miaka 14, na mieleka akaianza akingali kijana, akipigania senti chache katika maonyesho ya kutembeza.

Isidhaniwe kuwa hakuujua mchezo. Aliujua barabara, ila kimo chake kilikuwa cha kawaida, na miongoni mwa majitu yale ustadi peke yake haukumtajirisha. Mwaka 1939 alimwoa Betty Hanson ndani ya ulingo, mbele ya watazamaji. Umati ulifurahi mno, hata arusi hiyo hiyo ikarudiwa katika miji mingine. Huyu Betty ndiye aliyemshonea majoho yake ya fahari, na kwa maoni yetu nusu ya sifa za mumewe ni haki yake.

Katika miaka ya 1940 George alizifuga nywele zake, akazitia dawa zikawa za rangi ya dhahabu, akazitengeneza mawimbi mithili ya bibi arusi. Alipoingia ukumbini alitanguliwa na mtumishi aliyepuliza manukato ulingoni, naye akafuata kwa mwendo wa maringo huku muziki wa maandamano wa Elgar ukipigwa. Kulivua joho tu kulichukua dakika kadhaa. Vibanio vyake vya nywele, vilivyopakwa rangi ya dhahabu, aliwagawia watazamaji. Pambano lilipoanza alicheza rafu waziwazi, na watu waliokwisha kasirika walilipa tena wiki iliyofuata, wakitumaini kumwona akibwagwa.

Bahati ilimkuta tayari. Televisheni ilikuwa inaenea baada ya Vita Kuu ya Pili, na vituo vilitafuta vipindi visivyo na gharama kubwa. Ulingo mmoja na kamera chache zilitosha. George alionekana kwa mara ya kwanza Novemba 1947, na baada ya muda mfupi yasemekana alikuwa akipata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Wapenzi wa mieleka ya kale walinung'unika kwamba ameugeuza mchezo kuwa kichekesho, na walifarijika bingwa Lou Thesz alipomshinda Chicago mwaka 1950. Lakini matokeo ya mieleka ile yalikuwa yakipangwa tangu zamani. George hakuuleta uongo ulingoni. Aliukuta, akauvalisha joho.

Mwaka 1961, huko Las Vegas, alikutana na bondia wa miaka 19 aitwaye Cassius Clay, ambaye baadaye tulimjua kama Muhammad Ali. Kijana huyo aliuona ukumbi uliojaa watu waliokuja kumchukia mtu mmoja, akaelewa. Majigambo yaliyotikisa Kinshasa mwaka 1974 yalikuwa na asili yake hapo pia.

Mwalimu mwenyewe alikuwa ameanza kuteremka. Jina la ulingoni alikwisha kulifanya kuwa jina lake halali, na George Wagner hakuwapo tena hata kwenye karatasi. Ndoa zake mbili zilivunjika. Alikuwa na shamba la batamzinga huko California na baa, ila pombe ilimla mali na ini. Mwaka 1959 alishindwa na Whipper Billy Watson mjini Toronto, akanyolewa ulingoni kama walivyowekeana sharti. Novemba 1962, Los Angeles, alinyolewa tena, na hakurudi.

Alifariki kwa maradhi ya moyo Desemba 26, 1963, akiwa na miaka 48 na fedha kidogo mno. Miezi miwili baadaye, Februari 25, 1964, yule kijana wa Las Vegas alimshinda Sonny Liston, akawa bingwa wa dunia.