Gilbert Lewis, mwenye vitone vya elektroni

Kila aliyesoma kemia katika shule zetu za upili amewahi kuchora vitone kuizunguka herufi O au N. Ni wachache walioambiwa vilitoka kwa nani. Nionavyo mimi, somo huwa gumu zaidi linapofundishwa bila watu wake.

Gilbert Newton Lewis alizaliwa Oktoba 1875, huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 1899 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1902, akitafuta njia ya kuwaeleza wanafunzi wake, aliichora atomu kama kisanduku chenye nafasi ya elektroni katika kila pembe, yaani nafasi nane. Alikaa na wazo hilo miaka 14. Mwaka 1916, akiwa Berkeley, California, alichapisha makala akieleza kwamba atomu mbili hushikana kwa kumiliki pamoja jozi ya elektroni.

Siri iko kwenye elektroni za tabaka la nje. Oksijeni inazo sita, na hutulia ikifikisha nane. Haidrojeni inayo moja, na hutulia ikifikisha mbili. Basi haidrojeni mbili huungana na oksijeni moja, kila jozi ikawa mali ya shirika ambayo pande zote mbili huihesabu kuwa yao. Hayo ndiyo maji. Nitrojeni inazo tano, hivyo atomu zake mbili hushirikiana jozi tatu. Fungo hilo ni gumu mno kukatika. Ndiyo sababu hewa imejaa nitrojeni, takriban asilimia 78, na bado mkulima hununua mbolea.

Irving Langmuir aliieneza nadharia hiyo hadi wengine wakaiona kama yake, jambo lililomuuma Lewis. Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara 41 asiipate hata mara moja, ilhali Harold Urey, William Giauque na Glenn Seaborg, waliosomea Berkeley enzi zake, waliipata.

Alifariki Machi 23, 1946, ndani ya maabara yake, akiwa na umri wa miaka 70.

Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo. Kabla ya kuandika kanuni ya nane ubaoni, tajeni jina la Lewis. Mtoto akijua kwamba hata bingwa alihitaji miaka 14 kulielewa jambo, hatajiona mjinga akishindwa siku ya kwanza.