Karen Blixen: Bibi Harusi wa Mombasa Aliyebaki Jina Nairobi

Nilipokuwa nikisomea diploma Nairobi, nilipanga chumba Kawangware. Kwa sisi watu wa Pwani, Nairobi ni ughaibuni hasa: baridi, haraka, na jirani hakuulizi umeamkaje. Ijumaa nilikuwa nikiswali Msikiti wa Jamia, kisha naingia maktaba ya McMillan iliyo ubavuni mwake, ile yenye sanamu za simba mlangoni. Humo ndimo nilimokutana na Karen Blixen. Nilianza na kitabu chake, Out of Africa. Filamu yake niliitazama baadaye, kwenye runinga ya jirani.

Jina Karen nililijua kama mtaa wa matajiri, unaoupita ukiwa ndani ya matatu ya Ngong. Sikujua kwamba mtaa ule ulijengwa juu ya shamba la mwanamke huyu, na kwamba habari yake huku ilianzia kwetu.

Alizaliwa Rungsted, Denmark, tarehe 17 Aprili 1885. Babake, askari aliyekuwa pia mwandishi, alijiua binti akiwa na miaka 9. Tarehe 14 Januari 1914, mara tu baada ya kushuka melini, Karen aliolewa Mombasa na Bror Blixen, Mswidi wa ukoo wa kilodi. Filamu ya 1985 imeichukua harusi ile na kuipeleka Nairobi. Hata arusi zetu hubebwa bara!

Shamba lao la kahawa lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, mahali palipo juu mno kwa kahawa. Mavuno yakawa haba, madeni yakazidi. Ndoa nayo ikavunjika, na talaka ikatoka 1925. Aliyemliwaza ni Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyeweka vitabu vyake nyumbani kwa Karen. Kila aliporudi kutoka safarini, Karen alimsimulia hadithi usiku. Bwana huyu alikuwa na nyumba Takaungu, hapa hapa kwetu. Mei 1931 ndege yake ndogo ilianguka Voi, akafa, akazikwa Ngong.

Mwaka huo huo shamba liliuzwa. Kabla ya kuondoka, Karen alizunguka ofisi za serikali hadi familia za Wakikuyu zilizoishi shambani zikapewa mahali pamoja, zisitawanywe. Kisha akapanda meli Mombasa akiwa na miaka 46, hana mume, hana mtoto, hana shamba. Hakurudi tena Kenya.

Kutangulia si kufika. Akiwa nyumbani kwa mamake ndipo alipoandika. Kitabu kilichompa jina, Seven Gothic Tales, kilitoka 1934, yeye akikaribia miaka 49, kwa jina la kiume la Isak Dinesen. Hadithi moja humo inasimuliwa ndani ya jahazi, usiku wa mbalamwezi, likitoka Lamu kwenda Zanzibar. Niliisoma nikiwa nimejifunika blanketi Kawangware, nikatamani kwetu. Out of Africa kilifuata 1937. Alifariki 7 Septemba 1962.

Simsifu kwa yote. Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali, na nilielewa sababu nilipofikia kurasa anazowafananisha Waafrika na wanyama. Na ile maktaba niliyokaa nikimsoma ilifunguliwa 1931, mwaka aliofunga virago, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Aliowaandika hawakuwa na ruhusa hata ya kwenda kuona wameandikwa nini.

Anayenikaa moyoni zaidi ni Farah Aden, Msomali Mwislamu aliyemsimamia nyumba kwa miaka yote ile. Alishika hesabu na funguo, akawa mkalimani na mshauri wake. Farah alimwona bibi huyu katika harusi, talaka, deni na msiba. Bila shaka naye alikuwa na maoni yake. Lakini tunachokijua juu ya Farah, karibu chote kimetoka kwenye kalamu ya Karen. Yeye hakuacha kitabu.

Sasa nami nimefika umri ule ambao Karen alipoteza kila kitu. Bibi yangu alikuwa bahari ya hadithi. Kila nilipotoka Nairobi likizoni alinisimulia, nami nikisema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Niliitumia kusoma vitabu vya watu. Bibi ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sikuandika hata hadithi moja.

Wiki iliyopita nilinunua daftari. Naandika ninayoyakumbuka, na mengi yameshapotea. Wewe ambaye bibi yako yu hai, umeshakaa naye na kalamu?