Charcot na mguu usiouma

Wenzetu wa udaktari wanalikariri jina lake ili wafaulu mtihani. Sisi wengine hatumjui kabisa. Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris mwaka 1825, mtoto wa fundi wa magari ya farasi. Mwaka 1862 akawa daktari mkuu katika hospitali ya Salpêtrière. Hapo zamani palikuwa ghala la baruti, kisha pakageuzwa mahali pa kuwarundika wanawake maskini, wazee na wagonjwa wasio na pa kwenda. Daktari mwenye kutafuta jina angepakimbia. Yeye akabaki, kwa sababu pale aliweza kumfuatilia mgonjwa mmoja miaka na miaka, na akifa, kumpasua aone kilichoharibika ndani.

Mwaka 1868 akaandika jambo la ajabu. Baadhi ya wagonjwa wa uti wa mgongo (leo tunajua chanzo ni kaswende) walivimba kiungo ghafla, mifupa ikasagika, lakini wakaendelea kutembea kama hakuna kitu. Charcot akasema tatizo limeanzia kwenye neva. Wajerumani wakambishia: eti kiungo kimekufa ganzi tu, kinagongwagongwa mpaka kinavunjika. Ubishi ukawa mkali, na mwaka 1881 akaipeleka hoja yake mbele ya mkutano wa madaktari, London. Kumbe kila upande ulikuwa na lake. Ganzi inaficha majeraha, na neva zikiharibika, damu nayo hufurika mguuni na mfupa ukalegea.

Tusimpambe sana. Maonyesho yake ya kuwalaza wanawake usingizi wa kiinimacho mbele ya hadhara, ambayo kijana Freud aliyahudhuria, kwangu mimi yana walakini. Ila kwenye mifupa alikuwa na jicho.

Alifariki mwaka 1893 bila kuihusisha habari hii na kisukari. Hilo lilikuja mwaka 1936, daktari Mmarekani William Jordan alipoandika juu ya viungo vya namna hiyo kwa mgonjwa wa sukari. Leo kisukari ndicho chanzo kikuu cha mguu wa Charcot.

Sasa fikiria baba au bibi yako mwenye sukari ya miaka mingi. Mguu mmoja umevimba, mwekundu, ukiugusa ni wa moto kuliko mwenzake, halafu anakwambia hauumi sana. Kidonda hana. Watu watasema ametegua, au ni wadudu, apewe dawa. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Anachohitaji ni daktari haraka, afungwe P.O.P., lile hogo, na asiukanyage mguu huo, pengine kwa miezi kadhaa. Akiendelea kwenda shamba na sokoni, upinde wa unyayo unaporomoka, chini panabinuka kama kitako cha mtumbwi, na hapo kwenye nundu ndipo kidonda kinapoanzia.