Mbuzi alikula ramani, nahodha akaingia Caribbean akikisia: Maisha ya Joshua Slocum

Ukiona masonko wakitupia picha wakiwa kwa yoti kati ya Grenada na Antigua, shati wazi, miwani ya jua, jua tu kuna buda alipita hapo 1898 peke yake kwa mashua ya matanga, na ramani hana. Ilikuwa tumboni mwa mbuzi. Tutafika hapo.

Joshua Slocum alizaliwa Februari 1844 huko Nova Scotia, Canada. Akiwa na miaka kama 10 akatolewa shule, buda yake akamkalisha kwa karakana ya viatu. (Sisi wengine tuliwacha masomo tukiwa wakubwa kiasi, lakini tunaelewana.) Kiatu hakikumwingia. Akiwa 14 akahepa, akaenda kupika kwa boti ya wavuvi, na kutoka hapo alipanda cheo mpaka akawa nahodha wa meli kubwa za matanga. 1871 akaoa Virginia Walker huko Sydney, na mrembo hakubaki nyumbani kungoja. Aliishi baharini na yeye, watoto wakazaliwa safarini. Virginia alikufa 1884 meli ikiwa Buenos Aires, na wengi husema Slocum hakuwahi kuwa sawa tena.

Halafu mambo yakaharibika moja baada ya nyingine. Alioa tena, meli yake ikavunjikia Brazil, akajenga mashua kwa mikono akarudisha familia Marekani. Aliishusha majini 13 Mei 1888, siku Brazil ilipofuta utumwa, akaiita Liberdade, yaani uhuru.

Kurudi nyumbani, kazi hakuna. Meli za mvuke zilikuwa zimechukua kila kitu, na nahodha wa matanga alikuwa kama fundi wa taipureta leo. Ujuzi wa miaka 30, na hakuna mtu anauhitaji.

1892 rafiki akamwambia kuna chombo anaweza kumpa. Slocum kufika Fairhaven, Massachusetts, anakuta gofu la mashua ya kuvua chaza limeozea shambani. Ni kama uahidiwe gari upelekwe kwa skrepu. Wewe ungekasirika. Yeye alikata miti, akabadilisha mbao moja moja kwa miezi 13, na vifaa vikamgharimu dola 553.62. Mashua ikaitwa Spray, urefu mita 11 hivi.

24 Aprili 1895, akiwa na miaka 51, akatoka Boston kuzunguka dunia peke yake. Na wengi wameandika kwamba hata kuogelea hakujua! Kule ncha ya Amerika Kusini alimwaga misumari midogo juu ya sitaha ndio wezi wa usiku wakanyage. Pretoria alikutana na Rais Kruger, aliyeshikilia kabisa kuwa dunia ni bapa.

Sasa mbuzi. Alipewa zawadi kisiwani St Helena, na huyo mnyama alitafuna ramani ya bahari ya Caribbean, kisha kofia yake ya majani. Slocum akamshukisha Ascension, lakini ramani ilikuwa imeenda. Njiani, Mei 1898, meli ya kivita ya Marekani, Oregon, ikamuuliza kwa bendera kama ameona meli za vita za adui. Vita na Uhispania vilikuwa vimeanza, na yeye hata habari hakuwa nayo vizuri. Akajibu hapana, akawatania waende pamoja wakilindana.

Karibu na Trinidad usiku akaona mawimbi meupe mbele, akajua ni mwamba, na bila ramani hakuna pa kuhakikisha. Akageuza mashua. Weupe ukarudi. Akahangaika hivyo masaa, akiamini kifo kimefika, mpaka wimbi kubwa likamwinua akaona ukweli: ni mwanga wa mnara wa taa, karibu maili 30, unamulika maji. Akapita Grenada kupeleka barua alizobeba kutoka Mauritius, kisha Dominica, kisha Antigua, ambako watu walikuja kumsikiliza akisimulia.

27 Juni 1898 alitia nanga Newport. Maili zaidi ya 46,000, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa matanga. Kitabu chake cha 1900 kikamletea jina na chapaa kiasi.

Caribbean ilimshika. Baridi ikianza Marekani, yeye huyo kusini na Spray. Lakini 1906, New Jersey, alikamatwa kwa kesi ya tendo chafu dhidi ya msichana wa miaka 12. Hakupinga shtaka, akakaa jela siku 42. Wanaomsifu huruka hapo. Mimi siruki.

Novemba 1909, akiwa 65, alitoka Martha's Vineyard akielekea Caribbean tena, mpango ukiwa kuingia mito ya Amerika Kusini. Spray ilikuwa imechakaa, na yeye pia. Hakuonekana tena, wala kipande cha ubao. Mke wake alingoja, na 1924 ndipo sheria ikamtangaza amekufa.