Mama Kevina alianza na mwembe

Huduma ya Hospitali ya Nsambya, hapa Kampala, ilianzia chini ya mwembe. Teresa Kearney, mtawa kutoka Ireland ambaye wenyeji walimwita Mama Kevina, aliwasili Januari 1903 na wenzake watano, akaanza kutibu bila kungoja jengo. Kikwazo kigumu kilitoka kwa Kanisa lenyewe: watawa walikatazwa kuzalisha, huku wanawake wakifa kwa uzazi. Mwaka 1921, yeye na daktari Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, walianza kufundisha wauguzi na wakunga wenyeji. Ruhusa ya Roma ilitoka 1936, miaka 15 baadaye! Shirika la watawa Waafrika aliloanzisha 1923 lilikuja kuvuka mpaka hadi Kenya na Tanzania. Alifia Marekani mwaka 1957. Mwili ukarudishwa Uganda, akazikwa Nkokonjeru.