Badru Kakungulu: Aliyewapa Wanafunzi Kilima

Ndugu zangu katika imani, kila tunapopanda Kibuli kwa swala ya Ijumaa tunakanyaga ardhi aliyoitoa mtu mmoja: Mwanamfalme Badru Kakungulu.

Alizaliwa mwaka 1907. Baba yake, Nuhu Mbogo, alikuwa ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Mbogo alifariki 1921, na kijana akarithi jukumu la jamii ndogo iliyobaki nyuma kielimu.

Shule nyingi zilikuwa za wamishonari. Mzazi wa Kiislamu akimpeleka mwanawe, aliogopa atarudi na jina jingine na dini nyingine. Akimzuia, mtoto alikosa kisomo. Kakungulu mwenyewe alisoma Budo, shule ya Waanglikana, akatoka na elimu na Uislamu wake. Lakini si kila mtoto alikuwa mwana wa mfalme.

Mwaka 1944 alishiriki kuunda Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA. Ardhi ya familia pale Kibuli aliitoa, ukajengwa msikiti, shule na hospitali. Mtoto akapata pa kusoma hesabu, na adhana ikiita, akaswali bila kumwogopa mtu.

Alifariki 1991. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, na bado tunakula matunda ya sadaka yake. Je, sisi tutamwachia nini mwanafunzi atakayekuja baada yetu?

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.