Mjerumani Aliyetufikisha Hadi Lagos

Huku Malindi ukitaja Mjerumani, mtu anapata picha ya mzee wa kaptula anayejikokota kuelekea ufuoni, ngozi imeiva kama kamba wa kuchoma. Wazungu wetu wengi ni Waitaliano, lakini Wajerumani nao tumewazoea. Ndiyo maana nikiwa mtoto, kila mjomba wangu alipoanza hadithi za Mjerumani pale barazani kwetu Maweni, nilidhani anasema juu ya mgeni fulani wa hotelini. Mjomba alifanya kazi ya hoteli Watamu kwa miaka, basi nikaona ni mambo yake ya kazini. Kumbe alikuwa anamzungumzia Reinhard Fabisch.

Kama ulizaliwa karibu na mwaka 2000 kama mimi, kuna uwezekano jina hilo halikwambii kitu. Waulize wazee lakini. Kocha huyu alipita Harambee Stars mara 3, na mara ya pili ndiyo ilikuwa karibu itutie wazimu.

Alizaliwa 1950 huko Ujerumani Magharibi. Hakuwa na jina kubwa kwao, na jina alilonalo alilipata Afrika. Kenya ilimjua vizuri 1987, mwaka wa Michezo ya Afrika Nairobi, wakati Kasarani ilikuwa bado inanukia rangi. Vijana wake wakafika fainali na kufungwa 1-0 na Misri. Medali ya fedha. Watu wa umri wa mjomba wakiizungumzia fedha ile utadhani ni dhahabu, na mimi siwacheki tena, maana nimeishi miaka 20 na ushee nikiona tumeshika nini? Hewa.

Baada ya hapo kituo chake kikubwa kilikuwa Zimbabwe, miaka ya mwanzo ya 1990. Timu ile watu waliiita Dream Team. Langoni Bruce Grobbelaar wa Liverpool, mbele Peter Ndlovu wa Coventry City. Ilikuwa safari ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 1994, na Februari 1993 wakaenda Cairo wakihitaji sare tu. Misri wakashinda 2-1, lakini mashabiki wakarusha mawe na takataka nyingine uwanjani. Fabisch mwenyewe alipigwa kichwani. FIFA ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe mbali na fujo, huko Lyon, Ufaransa. Ikaisha 0-0. Misri nje, Zimbabwe ndani ya hatua ya mwisho pamoja na Cameroon na Guinea.

Sasa sikia. Siku ya mwisho ya kundi, Oktoba 1993, Zimbabwe na Cameroon wako sawa kwa pointi na wanakutana Yaoundé. Cameroon wakashinda 3-1. Fabisch aliona refa hachezeshi kwa haki, na hasira zikampanda mpaka akatoa noti na kuzipunga hewani kumwelekea refa, mbele ya uwanja mzima. Maana yake kila mtu aliielewa. Akafungiwa. Sijui kama alikuwa na ushahidi wowote mfukoni zaidi ya zile noti, na kusema kweli ni jambo la kijinga kwa kocha kufanya. Lakini naielewa ile hasira, ya kufanya kazi miaka halafu uone mlango unafungwa na mtu mwenye filimbi.

Haya, turudi nyumbani. Kenya iliing'oa Algeria 1996, 3-1 Nairobi halafu 0-1 kule Algiers, ikaingia kundi la kutafuta nafasi ya Ufaransa 1998. Wapinzani: Nigeria, Guinea na Burkina Faso. Afrika ilikuwa na nafasi 5, makundi 5, kwa hivyo anapita mmoja tu. Hakuna mambo ya mshindwa bora, hakuna kikokotoo cha kukuokoa.

Tulianza vibaya, 3-1 kule Guinea, Novemba 1996. Januari 1997 wakaja Nigeria. Hawa ni wale waliokuwa wamebeba dhahabu ya Olimpiki Atlanta miezi 5 tu nyuma, wakiwaacha njiani Brazil na Argentina. Nairobi ikaisha 1-1. Mjomba anasema siku hiyo redio ya jikoni hotelini ilizungukwa na wapishi, wafua nguo na askari wa geti, na chakula cha wageni kilichelewa kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza.

Aprili ndiyo ulikuwa mwezi wenyewe. Burkina Faso tukawafunga 4-3, mechi ya kupandisha presha. Wiki 3 baadaye Guinea wakaja na kurudi na 1-0 yao. Fabisch alikuwa na watu kama Mike Okoth, aliyekuwa akicheza Ubelgiji (ndiyo, baba yake Divock Origi), na Musa Otieno pale nyuma. Baada ya mechi 4, Nigeria pointi 10, Kenya 7, Guinea 6. Zimebaki 2. Inayofuata ni Juni, Lagos.

Lagos tulipigwa 3-0. Mwisho wa hadithi, au ndivyo vitabu vinavyosema. Nigeria wakafikisha 13, hakuna wa kuwafikia.

Lakini mjomba hakubali, na hapa ndipo karatasi hutoka. Nimemwona akiipiga hesabu hii kwenye pakiti ya sigara, kwenye risiti ya M-Pesa ya duka, hata kwa kijiti mchangani pale uwanja wa Alaskan. Agosti 1997, mechi za mwisho: Kenya inaenda kuifunga Burkina Faso 4-2 kwao. Guinea inaifunga Nigeria 1-0. Sasa chukua matokeo yote yaache vilevile, badilisha moja tu, Lagos. Tuseme tulishinda. Kenya 13, Guinea 12, Nigeria 10. Harambee Stars wako Ufaransa. Sare isingetosha, maana tungebaki na 11 na Guinea ndiyo wangepita. Ushindi tu. Mimi humwambia Nigeria walicheza ile ya mwisho wakiwa wameshafuzu, wangekuwa na njaa mambo yangekuwa mengine. Hunyamaza kidogo, halafu anaanza hesabu upya.

Kuna kitu hakiweki kwenye hesabu, na nilikijua nikiwa mkubwa. Huo mwezi wa ushindi wa Burkina Faso, Pwani haikuwa na habari ya mpira. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, wengine wakakimbia makwao, na wageni wakapanda ndege wakaenda zao. Hoteli zikabaki tupu kuanzia Diani hadi kwetu. Mjomba alirudishwa nyumbani na mshahara wa nusu mwezi. Zile goli 4 alizisikia siku kadhaa baadaye, kwa mtu aliyekutana naye stendi ya matatu. Timu ilimaliza ya 3 na pointi 10, na kwa nchi ambayo haijawahi kwenda Kombe la Dunia, miaka ile ndiyo tulikaribia kuliko wengi wanavyokumbuka.

Fabisch aliondoka, akarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mara hiyo ya tatu haikuwa na ladha ile, nairuka.

Ninachotaka ukijue ni Benin. Januari 2008, Kombe la Mataifa ya Afrika, Ghana. Fabisch ndiye kocha wa Benin, kitimu kidogo kilichopangwa kundi moja na Ivory Coast, Mali na, ona mambo, Nigeria tena. Walipoteza mechi zote 3. Ila katikati ya mashindano alijitokeza hadharani na kueleza kwamba aliletewa ofa ya pesa ili timu yake ipoteze, na akakataa. Fikiria: timu yako inafungwa hata bila kuuza. Hakuna ambaye angejua. Ungechukua mzigo wako, ukapoteza kama ambavyo ungepoteza tu, ukaenda nyumbani. Yeye akasema hapana, halafu akasema kwa sauti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani wanajua karo ilikuwa shida, na ni kweli ilikuwa shida. Wasichojua ni kwamba sehemu ya karo ile niliiweka kwenye mkeka wa mechi 11, mechi za ligi ambazo timu zake sizijui hata rangi za jezi, na mkeka ukachanika dakika ya 88. Kwa hivyo nilipokuja kusoma habari ya Benin niliisoma mara 2, nikaenda nje nikakaa. Mimi nilitoa pesa za watu kwa tamaa. Huyu mzee aliletewa, akazirudisha.

Na alikuwa mgonjwa. Julai mwaka huohuo wa 2008 saratani ikamchukua, akiwa na miaka 57. Nairobi na Harare waliandika habari zake. Huku kwetu mjomba alizisikia redioni, akaenda msikitini kama kawaida, aliporudi akaomba kalamu.